Miezi Tisa Nyumbani kwa Mama Trude

Niliondoka Morogoro kwa sababu nilikuwa nimechoka na watu. Si jambo la kujivunia, lakini ndiyo kweli yenyewe. Nilikuwa ofisa wa ustawi wa jamii, mwaka wangu wa sita kazini, na shida za wajane, wagonjwa na wazee waliosahauliwa na watoto wao zilikuwa zimenijaa hadi kooni. Basi mkuu wetu, Bwana Mhina, alipotangaza kuwa kuna nafasi moja ya kwenda London kusomea sera za jamii kwa miezi tisa, niliinua mkono kabla hajamaliza sentensi.

"Bi Zuhura, kule kuna baridi," akaniambia.

"Nitavaa koti, Bwana Mhina."

Sikuwa na hamu ya kusoma. Nilitaka kupumzika, na moyoni nilikuwa nimekwisha amua kwamba nikirudi nitaomba uhamisho, nikafanye kazi ya mahesabu au ya stoo, mahali ambapo hakuna mtu wa kunililia. Binti yangu Mwajuma, aliyekuwa na miaka minne, nilimwacha kwa mama yangu Tanga. Aliniuliza kama London ni mbali kuliko Korogwe. Nikamwambia mbali kidogo.

Dar es Salaam nilikaa siku mbili nikishughulikia pasi na chanjo. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, na mjini hapakuwa na mazungumzo mengine ila ya Wahindi wa Uganda waliopewa siku chache waondoke. Kwenye ndege, baada ya kutua Entebbe na kuruka tena, viti vilivyokuwa vitupu vilijaa familia hizo. Mwanamke aliyeketi kando yangu alikuwa amevaa nguo tatu moja juu ya nyingine. Alfajiri, tulipoanza kushuka kupitia mawingu, aliniuliza kwa Kiswahili kama kule chini watu huuza bamia. Nilimwambia sijui, ni mara yangu ya kwanza pia.

London, wiki ya kwanza, nilijifunza jambo moja tu: kugonga milango. Bweni nililoahidiwa lilikuwa limejaa. Nikapewa orodha ya nyumba zinazopangisha vyumba. Kwenye simu kila mwenye nyumba alikuwa mkarimu. Nikifika mlangoni, akiniona, chumba kilikuwa kimepata mtu dakika tano zilizopita. Nyumba ya nne nilimwambia yule bibi, "Pole sana, mtu huyo ana bahati," akafunga mlango uso ukiwa umemwiva. Nilikuwa nalala kwenye kitanda cha kukunja katika ofisi ya jumuiya ya wanafunzi.

Jumatatu iliyofuata nilikutana na mwalimu wangu. Wanafunzi wenzangu walikuwa wamenitisha: Dokta Trude Hellmann ni mkali, hapendi maneno mengi. Nilikuta mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, miwani mizito, nywele zimefungwa nyuma kama za mpishi. Chumba chake kilijaa mafaili hadi dirishani. Sikutarajia swali lake la kwanza.

"Unalala wapi?"

Nikamweleza. Tulizungumza Kiingereza, chake kikiwa na lafudhi nzito kuliko changu. Alisikiliza bila kutikisa kichwa, kisha akachukua koti lake.

"Nina chumba juu, kinaangalia bustani ya jirani. Utapika mwenyewe, maana mimi sijui kupika. Twende tukachukue sanduku lako."

Aliishi Lewisham, upande wa kusini wa jiji, ng'ambo ya mto, na treni ilitupitisha juu ya mapaa ya nyumba zenye mabomba ya moshi kama viwanda vidogo. Nyumba yake ilikuwa nyembamba, kwenye mwinuko kidogo kutoka sokoni. Jioni ile nilipoanza kueleza kwa aibu kuwa mimi ni Mwislamu na kuna nyama nisizokula, alinikatiza.

"Nyama ya nguruwe haiingii nyumba hii. Mimi ni Myahudi. Dini siifuati sana, lakini mama yangu hakuipenda nyama hiyo, na mimi sitaileta."

Alitaka nimwite Trude. Nilijaribu, ulimi ukakataa, kwa kuwa alikuwa na umri wa mama yangu. Tulikubaliana nimwite Mama Trude, na nilipomweleza maana yake kwetu alicheka akasema hakuwahi kuwa mama wa mtu yeyote, sasa amepewa kazi bila kuiomba.

Novemba ilipofika, jua likizama kabla ya saa kumi na moja jioni, maisha yake nilianza kuyapata vipande vipande, mara nyingi nikimenya viazi naye akisahihisha insha. Alizaliwa Vienna. Baba yake alikuwa na duka la vifungo na nyuzi. Wajerumani walipoingia, duka lilinyang'anywa kwa kuwa ni la Myahudi, na baba akafa kwa mshtuko wa moyo mwaka uleule. Trude alikuwa na miaka kumi na saba. Njia iliyokuwa wazi kwa wasichana kama yeye ilikuwa kuja Uingereza kuwa mtumishi wa ndani, basi akaja na sanduku moja, akawa anapiga deki na kuwasha moto katika nyumba ya familia moja kaskazini mwa London.

"Walikuwa watu wabaya?" nilimwuliza.

"Hapana. Walisahau tu kwamba nilikuwa nimesoma. Siku moja nilimsahihishia mtoto wao hesabu, bibi akaniambia nirudi jikoni."

Wakati wa vita alifanya usafi hospitali moja, na huko akaanza kuona jambo ambalo wengine hawakuliona: maskini wawili wenye ugonjwa mmoja hawahudumiwi sawa, kwa sababu mmoja anajua kujieleza na mwingine hajui. Alianza kuandika mambo hayo katika daftari. Akasoma shule za jioni, akapata ufadhili, na miaka ishirini baadaye yeye ndiye aliyekuwa akifundisha watu jinsi serikali inavyopaswa kumtazama mtu mwenye shida. Nilipomwuliza kama aliacha ndugu Vienna, alisema, "Niliacha," akarudi kwenye insha zake.

Edgware Road ndiko tulikokwenda kutafuta nyama ya halali, kwani maduka mawili matatu ya Waarabu yalikuwa yameanza kufunguliwa. Muuzaji aliposikia ninavyohesabu kwa Kiswahili chini ya pumzi, aliweka kisu chini. Aliitwa Seif, mzaliwa wa Unguja, na aliondoka baada ya mapinduzi.

"Dada, umetoka nyumbani lini?"

"Mwezi wa tisa. Tanga."

"Tanga! Karibu kabisa. Ukisimama ufukweni unasikia harufu ya Pemba," alisema, na sote tukajua kuwa anatia chumvi. Mama Trude aliniuliza anasema nini. Nilipomtafsiria, alimtazama Seif kwa muda, akamwuliza kwa Kiingereza alikuja na masanduku mangapi. "Moja," Seif akajibu. "Nami pia," akasema Mama Trude. Tangu siku hiyo maini tulifungiwa yaliyo bora kuliko tuliyolipia.

Jumamosi zote asubuhi Mama Trude alipanda treni mbili hadi Ilford, mashariki, ambako familia nyingi kutoka Uganda zilikuwa zikipata makao. Ndani ya ukumbi wa kanisa alikuwa na meza moja na viti vitatu, na mtu yeyote aliyesumbuliwa na ofisi ya serikali aliweza kuja kuuliza. Hakulipwa. Alinichukua nimsaidie kuandika.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba aliingia mama mmoja wa Kiismailia, mwembamba, shali ya sufu juu ya sari. Jina lake Bi Gulbanu, kutoka Jinja. Aliishi katika chumba cha nyuma cha shemeji yake, mtu mwenye watoto sita, aliyeshinda kiwandani. Kiingereza hakukijua. Nilipomsalimia kwa Kiswahili alinishika mkono kwa nguvu kana kwamba anaanguka.

Alikuwa ameomba msaada wa kujikimu, ule ambao serikali huwapa wasio na kipato. Amekataliwa. Mama Trude alinisomea barua: mwombaji ana mume, mume yuko Uganda, na hakuna ushahidi kwamba mume huyo ameshindwa kumtunza. Shemeji alikuwa amekwisha mdokeza kuwa chumba kinahitajika.

"Mama, bwana yako yuko wapi?" nilimwuliza.

"Bwana yangu iko Jinja."

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, na nakiri kilinichekesha kidogo moyoni.

"Anafanya kazi gani huko?"

Alinikazia macho. "Hapana fanya kazi. Iko lala."

"Anaumwa?"

"Iko lala chini, beti, mtoto yangu. Miaka tatu sasa. Mimi napeleka maua kila Ijumaa, mpaka askari nasema toka."

Kicheko kilinikauka. Nikamwuliza nani alimhoji kule ofisini. Alisema shemeji alitaka kwenda naye kutafsiri, lakini ofisa mmoja akasema hakuna haja, yeye amekaa Kenya miaka mingi na Kiswahili anakijua. "Mimi nasema bwana yangu iko Jinja. Yeye nasema, 'Vizuri sana.' Halafu naandika."

Nilipomweleza Mama Trude, alivua miwani. Nilidhani atapiga meza. Badala yake alichukua karatasi safi akaandika maombi ya rufaa hapohapo, mistari sita, akampa Bi Gulbanu atie saini.

"Zuhura, siku hiyo wewe ndiye utakayesema," akaniambia.

"Mimi ni mwanafunzi tu."

"Wewe ndiye uliyeuliza swali la pili. Yule bwana aliuliza moja."

Siku ya rufaa ilikuwa Februari, asubuhi yenye theluji chafu kandokando ya njia. Tulipangiwa chumba chenye meza ndefu. Upande wa pili waliketi watu watatu, na mwenyekiti alikuwa mzee mwenye sauti ya mwalimu wa shule. Yule ofisa wa Kiswahili alikuwepo pia, mtu wa makamo, tai imekaa vizuri, hana sura ya ubaya. Nikiharibu neno moja, mwanamke huyu anakosa pa kulala.

Ofisa alieleza kuwa alimwuliza mwombaji waziwazi, naye akajibu waziwazi. Mama Trude akaomba ruhusa ya kumwuliza swali.

"Tafadhali, ungesemaje kwa Kiswahili: mume wangu amezikwa Jinja?"

Ofisa alitazama dari, kisha akamtazama Bi Gulbanu, na nikaona damu ikimpanda shingoni.

"Sijui," akasema. "Wapishi wangu hawakuwahi kuniambia jambo kama hilo." Halafu, polepole, "Mheshimiwa mwenyekiti, nadhani nilielewa vibaya."

Nilidhani yamekwisha. Lakini mwenyekiti alisema bado hakuna cheti cha kifo. Nikamwuliza Bi Gulbanu. Cheti kilikuwa kwenye mkoba uliochukuliwa na askari kwenye kizuizi cha barabarani, njiani kwenda Entebbe. Mjumbe mmoja alinong'ona kuwa kila mtu angeweza kusema hivyo.

Mwenyekiti aliinama mbele. "Mwambie anisimulie siku ile mumewe alipofariki."

Bi Gulbanu alisimulia katika Kiswahili chake, nami nikawa naweka kwa Kiingereza, nikisema "mimi" kila aliposema "mimi", kama Mama Trude alivyonifundisha. Mumewe alikuwa fundi wa mashine za kuchambulia pamba. Siku hiyo alirudi mapema, akaomba chai. Alipoionja alisema haina sukari. "Mimi nilikuwa nimetia vijiko vitatu," nilitafsiri. "Nikajua kuna kitu kimeharibika ndani yake. Nikatia kijiko cha nne ili afurahi. Akasema bado. Akaweka kikombe chini taratibu, asimwage chai, kwa sababu kitambaa cha meza kilikuwa kipya. Halafu akainamisha kichwa."

Yule mjumbe aliyenong'ona alikuwa anatazama kalamu yake.

Tulitolewa nje tukangoja nusu saa kwenye benchi la korido. Bi Gulbanu alishika tasbihi, mimi nikasoma dua zangu kimoyomoyo, na Mama Trude alikaa katikati yetu, mikono ameiweka magotini kama mtoto wa shule. Tulipoitwa, mwenyekiti alisimama. Rufaa imekubaliwa, na atalipwa tangu siku ya kwanza aliyoomba. Nilipomweleza Bi Gulbanu hakulia. Aliuliza, "Wao nasema bwana yangu nakufa kweli?" Nikasema ndiyo, wameamini. "Basi," akasema, "sasa mimi naweza pumzika." Korido nzima ilimtazama aliponibusu paji la uso.

Kwenye treni ya kurudi Lewisham, mchana uleule, Mama Trude alikuwa akitazama nje. Tulipovuka mto alianza kusema bila kunigeukia.

"Mdogo wangu aliitwa Lisl. Alikuwa na miaka kumi na minne. Nilipokuwa mtumishi hapa nilimtafutia mdhamini, nikampata, mama mmoja mwema, akaandika barua. Niliipeleka kwenye ofisi ya kamati ya wakimbizi. Karani akaisoma akasema imekosa saini ya shahidi. Njoo wiki ijayo. Alikuwa mpole, alinipa hata pipi. Wiki iliyofuata vita vilianza, na hakuna mtu aliyetoka tena."

Nilimsogelea kwenye kiti.

"Baada ya vita nilipata majina yao katika orodha ya waliouawa. Mama na Lisl, mstari mmoja." Aliifuta miwani. "Miaka mingi nilimchukia yule karani. Halafu nikaelewa kwamba angeweza kuvuka barabara akamtafuta shahidi mwenyewe. Zingemchukua dakika kumi. Hakuna aliyemfundisha kwamba hiyo pia ni kazi yake. Ndiyo maana nafundisha."

Hapo nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kwamba mimi ndiye yule karani. Kwamba kwa miaka sita nilikuwa nikiwaambia watu warudi wiki ijayo, na nilifurahi kila aliyeondoka, na sikuwahi kuuliza wangapi hawakurudi. Nilidhani atanitazama kwa jicho jingine.

"Najua," akasema. "Wote wanaokuja kwangu ni makarani. Ningemfundisha nani mwingine?" Kisha akanipa leso yake, na tuliposhuka tukapitia sokoni kununua samaki.

Masika ya Uingereza yalikuja na maua ya manjano kila uwanja, na siku zilizobaki zilikimbia. Nilisoma kama mtu mwenye njaa. Bi Gulbanu alipata chumba chake karibu na stesheni ya Ilford, akatualika chakula, akapika bamia nyingi kuliko tulivyoweza kumaliza. Alikuwa ameanza kufundishwa Kiingereza na jirani, naye akimlipa jirani kwa kumshonea.

Siku ya kuondoka, Julai, Mama Trude alinisindikiza hadi uwanja wa ndege. Alinipa mkono kwanza, kama Mzungu, kisha akabadili nia akanikumbatia.

"Usiniandikie barua za shukrani," alisema. "Niandikie umefanya nini."

Dar es Salaam joto lilinipokea kama blanketi. Tanga, Mwajuma alijificha nyuma ya bibi yake kwa siku nzima, kisha usiku ule akaja mwenyewe kitandani kwangu. Nilikaa nao wiki moja, nikamchukua, tukaenda naye Morogoro.

Morogoro, asubuhi yangu ya kwanza kazini, Bwana Mhina aliniuliza kuna jipya gani. Nilimwambia yapo, nitamwonyesha. Niliyojifunza darasani yalijaza madaftari manne, na mengi nimeyatumia. Lakini lililonibadilisha lingeweza kuandikwa mgongoni mwa bahasha: mtu akikosa kitu cha kukamilisha ombi lake, mimi mwenye nguvu za kukitafuta ndiye wa kwanza kukitafuta, na kabla sijaandika jibu lake niulize swali la pili. Barua ya uhamisho sikuiandika.

Saa nne akaja bibi mmoja wa mtaa wa Kichangani, anatembelea fimbo. Mjukuu aliyekuwa akimtunza amefariki, na anaomba chakula. Hakuwa na barua ya kumtambulisha kutoka kwa balozi wake wa nyumba kumi. Alikuwa amekwenda mara mbili asimkute, na magoti hayamruhusu kwenda mara ya tatu. Alisema hayo haraka haraka akiwa tayari amegeuka kuondoka, kama mtu anayejua jibu.

Nilitoka nyuma ya meza, nikachukua mwavuli.

"Twende, bibi."

"Wapi tena, mwanangu?"

"Kwa balozi. Tukimkosa nyumbani tutamfuata shambani."

Tulikwenda mwendo wake, tukipumzika kila kwenye kivuli. Balozi tulimkuta akilima mihogo. Aliosha mikono, akaandika barua akiwa amechuchumaa kwenye tuta, akatia saini. Bibi aliikunja mara nne akaitia kwenye pindo la kanga. Tulipoanza kurudi alinitazama kutoka juu hadi chini, viatu vyangu vya London vimejaa udongo mwekundu, akacheka mpaka akashikilia fimbo kwa mikono miwili.

"Kumbe ofisi ina miguu!" akasema.